Kupasua Magogo kwa Mashine ya Petroli Bila Kupoteza Kidole

Mashine ya kupasulia magogo haina mnyororo unaozunguka wala meno ya msumeno, na kabari yake hutembea taratibu kiasi kwamba anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani anaweza kuikwepa wakati wowote. Dhana hiyo ndiyo inayokata vidole. Injini ya petroli huzungusha pampu, pampu husukuma oili ya haidroliki kuingia ndani ya silinda, na oili hiyo ndiyo inayoisukuma kabari, au bamba la chuma, dhidi ya gogo. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10, ikipata mgandamizo wa baa 200, husukuma kwa nguvu ya takribani tani 16, na nguvu hiyo haipungui eti kwa kuwa kilicho mbele yake ni mkono badala ya mgunga mkavu.

Katika mikoa ya kati mashine hii humfaa mwenye uwanja wa kuni, mwenye tanuri la matofali, na hata mtu aliyenunua kiwanja pembezoni mwa Jiji la Dodoma akajikuta na magogo ya mwarobaini asiyojua pa kuyapeleka. Huyu wa mwisho ndiye anayehitaji mwongozo kuliko wenzake, kwa sababu mara nyingi huikodi mashine kwa siku moja na kupewa maelezo ya dakika chache, tena na mtu mwenye haraka ya kuondoka.

Mikono inayoweka gogo ndiyo inayoshika wenzo

Kwetu vibarua hawakosekani, na kazi yoyote nzito huvuta watu watatu au wanne hata kama mmoja angetosha. Mpangilio uliozoeleka ni huu: mmoja huleta magogo, wa pili hulilaza gogo kwenye boriti ya mashine na kulishikilia lisiyumbe, na wa tatu husukuma wenzo, ule mkono wa chuma unaoiendesha kabari. Ukitazama kwa mbali utaona kazi inakwenda mbio. Ukweli ni kwamba mashine moja imegawanywa kati ya watu wawili, ambapo mwenye mikono karibu na kabari hana uwezo wa kuisimamisha, na mwenye uwezo wa kuisimamisha hajui mikono ya mwenzake iko wapi wakati huo. Ajali nyingi za mashine hizi hutokea katika mpangilio huo, na hutokea kwa nia njema kabisa, kwa kuwa msaidizi ameona gogo linataka kuanguka na amenyoosha mkono kulizuia.

Ishara za mdomo hazitibu tatizo hilo. Injini ikiwa inanguruma na upepo wa miezi ya kiangazi unavuma, "Tayari, kaka!" na "Bado, kaka!" humfikia mwenye wenzo zikiwa sauti moja isiyoeleweka, naye husikia lile alilokuwa akilitarajia. Kwa hiyo sheria ya kwanza, ambayo haipaswi kulegezwa hata kazi ikichelewa, ni kwamba mtu aliyeliweka gogo kwenye boriti ndiye pekee anayegusa wenzo, na hausogezi mpaka mikono yake yote miwili iwe imeondoka kwenye gogo na kwenye njia ya kabari. Baadhi ya mashine hulazimisha utaratibu huo kwa kudai mikono miwili ishike vishikio viwili kwa wakati mmoja. Mashine yako ikiwa na mfumo huo, usimruhusu fundi yeyote aufungue ili "kurahisisha kazi".

Wasaidizi bado wana kazi yao. Wanaweza kuleta magogo na kuyapanga mahali ambapo mwendeshaji atayafikia bila kutembea, na wanaweza kuondoa kuni zilizopasuliwa na kuzipanga kando. Wakati kabari inatembea, kila mtu asiye mwendeshaji akae umbali wa angalau mita 3, kwa kuwa gogo lenye vifundo huweza kuruka kipande bila kutoa taarifa. Gogo likiwa zito kiasi cha kuhitaji watu wawili kulinyanyua, wenzo uwe katikati na injini izimwe. Gogo likishatulia kwenye boriti, msaidizi arudi nyuma hadi umbali wake, ndipo mwendeshaji awashe tena. Kuwasha upya huchukua muda mfupi sana ukilinganisha na safari ya kwenda hospitali.

Inafaa kueleza kwa nini kabari inayoonekana kuwa ya polepole huwahi mkono. Pampu nyingi za mashine hizi zina hatua mbili. Kabla kabari haijagusa mti, pampu hutoa oili nyingi kwa mgandamizo mdogo, hivyo kabari hukimbia. Ikishagusa mti na upinzani ukapanda, pampu hubadilika yenyewe na kutoa oili kidogo kwa mgandamizo mkubwa, hivyo kabari hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Katika ile hatua ya kwanza kabari huweza kwenda takribani sentimita 10 kwa sekunde, yaani zaidi ya urefu wa kidole kwa kila sekunde unayotumia kufikiri kwamba gogo limekaa vibaya. Usilirekebishe gogo huku kabari ikitembea. Achia wenzo, subiri kabari isimame, irudishe nyuma, ndipo uguse gogo.

Unapoliweka gogo, lishike ubavuni, viganja vikiwa pande mbili na vidole mbali na ncha zote. Kosa linaloonekana dogo ni kushika ncha za gogo, moja kwa kila mkono, kwa sababu ndivyo tunavyobeba mzigo wa mbao. Mkono ulioko upande wa bamba, yaani chuma bapa kinachoizuia ncha ya gogo mkabala na kabari, hubanwa kabla mwenyewe hajatambua kwamba gogo limeanza kusogea. Hatari nyingine ni ufa. Gogo lililoanza kupasuka hufunguka na kujifunga tena, na kidole kilichoingizwa humo ili kuchomoa ganda hunaswa hata kabari ikiwa imesimama.

Kwa kawaida wenzo una tabia mbili tofauti. Ukiusukuma mbele ili kupasua, lazima uushikilie, na ukiuachia hurudi katikati na kabari husimama; ukiuvuta nyuma, hujifunga wenyewe na kuirudisha kabari hadi mwisho. Wapo wanaoufunga wenzo upande wa mbele kwa mpira wa tairi, ule wa kufungia mizigo, ili mikono ibaki huru kushika gogo. Anayefanya hivyo ameondoa breki pekee iliyokuwepo, na mashine iliyofungwa hivyo haipaswi kutumiwa na mtu yeyote mpaka mpira huo ukatwe.

Kuhusu umri, hakuna mjadala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi za hatari, na kijana wa nyumbani aliyekuja kusaidia baada ya masomo hawi salama zaidi kwa kuwa halipwi. Watoto wadogo wawekwe mbali kabisa, kwa kuwa injini huwavuta. Ulevi na dawa zinazoleta usingizi, zikiwemo baadhi ya dawa za mafua, humwondolea mtu mzima haki ya kushika wenzo siku hiyo.

Mahali pa kuiweka

Chagua sehemu tambarare, kavu na ngumu, uondoe vipande vya kuni, mawe na mizizi ambapo mwendeshaji atasimama, kwa sababu anayejikwaa hunyoosha mkono kushika kitu kilicho karibu, na kilicho karibu ni mashine. Zuia magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma. Simama upande uliokusudiwa na mtengenezaji, ambapo wenzo unafikika bila kujinyoosha. Usivuke juu ya boriti wala usipitishe mkono juu yake kuchukua kipande kilichoangukia ng'ambo. Zunguka.

Injini ya petroli hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua. Kwa hiyo mashine isiwashwe ndani ya banda, ghala au karakana, hata kama milango yote imeachwa wazi na hata kama jua la Novemba linafanya kivuli cha bati kionekane kuwa neema. Ukihitaji kivuli, fanya kazi chini ya mti au anza alfajiri mwanga ukishatosha, umalize kabla ya adhuhuri. Oili ya haidroliki nayo hupata nafuu, maana joto kali huifanya iwe nyepesi kupita kiasi na kuchosha sili za silinda, zile pete zinazozuia oili isivuje.

Upepo wa Dodoma ni jambo la kupangilia mapema. Kati ya Juni na Oktoba nyasi zimekauka, na cheche moja kutoka kwenye ekzosi inaweza kuanzisha moto ambao utamfikia jirani kabla hujapata ndoo. Fyeka na ufagie eneo la mashine hadi ubaki udongo mtupu, uielekeze ekzosi mbali na rundo la kuni, na usimame upande ambao upepo unapeperusha moshi mbali na uso wako. Weka karibu kizimamoto cha unga au, kwa uchache, ndoo mbili za mchanga mkavu. Maji yanafaa kwa nyasi zinazoungua, lakini yakimwagwa juu ya petroli inayowaka huitawanya. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mavazi na magogo

Kanzu, mgolole, shuka, kanga iliyofungwa kiunoni na mtandio wenye ncha zinazoning'inia vyote havifai karibu na mashine hii, si kwa sababu ya heshima bali kwa sababu kitambaa kikinaswa kati ya gogo na kabari humvuta mwenye nacho. Mwanamke anayefanya kazi hii avae suruali au sketi ya kubana kiasi, na kilemba kilichofungwa nyuma na kuchomekwa. Vua pete, saa na bangili. Miwani ya kazi inayofunika pembeni ni ya lazima, kwa kuwa vipande vidogo vya gome huruka wakati mti unapofunguka. Viatu viwe buti zenye chuma mbele. Makatambuga, kandambili na raba hazizuii gogo la kilo 30 linaloanguka kutoka urefu wa goti.

Glavu za ngozi ni nzuri zikibana mkono vizuri. Zile pana za kitambaa, ambazo huuzwa kwa bei ndogo na kulegea baada ya siku chache, ni bora kuziacha kuliko kuzivaa. Vaa pia viziba masikio, kwa kuwa kelele inayozidi desibeli 85 kwa saa 8 huharibu usikivu polepole bila maumivu, na mtu hugundua baada ya miaka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa kinga, kwa hiyo mwenye uwanja wa kuni asimwachie kibarua jukumu la kuja na miwani yake.

Magogo yenyewe yakaguliwe moja baada ya jingine kabla ya kufika kwenye mashine. Rundo lililokaa chini kwa miezi ni makazi ya nge na nyoka, hivyo geuza kila gogo kwa mtaimbo au kwa buti kabla ya kuliingizia mkono chini. Gogo lenye uwazi ndani lisikilizwe, kwa maana mikoa ya Dodoma na Singida ni ya nyuki, na kundi lililojificha ndani ya shina halitavumilia ngurumo ya injini. Mti uliokuwa nguzo ya uzio au uliosimama kando ya nyumba huwa na misumari na waya uliomezwa na gome. Kabari ikikutana na chuma, chuma hicho huweza kuruka.

Kata magogo yawe mafupi kuliko nafasi ya mashine, ambayo kwa nyingi ni takribani sentimita 60, na ncha zote mbili ziwe zimekatwa sawasawa. Ncha iliyokatwa kwa mshazari haikai sawa dhidi ya bamba, hivyo mgandamizo ukipanda gogo huinuka au huchomoka ubavuni. Mikaratusi ipasuliwe ikiwa mibichi, kwa kuwa ikikauka nyuzi zake zilizojipinda hushikana na kuing'ang'ania kabari. Mwarobaini nao una nyuzi zinazopishana, na hutaka subira zaidi ya unavyotegemea kutokana na ulaini wake chini ya msumeno. Migunga migumu yenye vifundo vingi na panda ni bora kuitenga na kuiacha ya mwisho, au kuiacha kabisa. Magogo yaliyonunuliwa yawe na hati halali za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maana mashine inayonguruma husikika mbali.

Petroli

Jaza tangi kabla ya kuanza, injini ikiwa baridi, mahali palipo mbali na moto, sigara na jiko la mama lishe. Ikiisha katikati ya kazi, zima na usubiri angalau dakika 15 kabla ya kufungua kifuniko, kwa kuwa petroli iliyomwagikia ekzosi yenye moto hushika mara moja. Usijaze hadi mdomoni. Joto la mchana huipanua, na ziada itatafuta pa kutokea. Petroli itunzwe kwenye dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta, si kwenye chupa za maji ya kunywa, na dumu hilo linapojazwa kituoni liwekwe chini sakafuni badala ya kubaki juu ya plastiki ya pikapu au kirikuu, ambapo umeme tuli unaweza kutoa cheche. Ikimwagika, isogeze mashine mbali na pale palipolowa ndipo uwashe.

Oili inayopenya ngozi

Hatari hii ndiyo isiyofahamika kabisa, hata miongoni mwa mafundi wazuri. Mpira wa haidroliki ukipata tundu dogo, oili hutoka kwa mgandamizo wa baa 150 hadi 200 au zaidi katika uzi mwembamba ambao pengine hauonekani kwa macho, na uzi huo hupenya glavu na ngozi na kuingia ndani ya nyama. Aliyepatwa husikia kitu kidogo tu, kama aliyechomwa na mwiba wa mgunga. Anafuta mkono, anaona alama isiyotoka hata damu, anaendelea na kazi. Ndani ya mkono, hata hivyo, oili imesambaa kando ya mishipa na kano, na baada ya saa chache uvimbe na maumivu huanza wakati tishu zimekwisha kuharibika. Majeraha ya aina hii huhitaji upasuaji wa haraka, na kucheleweshwa kwake huweza kumalizika kwa kukatwa kidole au mkono.

Kwa sababu hiyo usitafute mvujo kwa kupitisha mkono juu ya mpira wala kwa kuuziba kwa kidole. Vaa miwani, chukua kipande cha boksi gumu, kishike kwa koleo au ukifunge kwenye fimbo ndefu, ukipitishe polepole kando ya mipira na viungio huku mashine ikifanya kazi. Penye mvujo boksi litapata doa au tundu. Baada ya hapo zima injini, sogeza wenzo mbele na nyuma mara kadhaa ili kutoa mgandamizo uliobaki, ndipo kiungio kikazwe au mpira ubadilishwe. Mpira wenye malengelenge, uliochubuka hadi nyuzi za waya zikaonekana, au uliowahi kufungwa kwa utepe, hubadilishwa kabla ya siku ya kazi kuanza. Mpira mpya uwe na kiwango cha mgandamizo kinachotajwa na mtengenezaji wa mashine. Mpira wa maji au wa hewa, hata ukionekana mnene, haufai.

Kuwasha na kupasua

Kagua oili ya injini na ya haidroliki mashine ikiwa imesimama sawasawa. Upungufu wa oili ya haidroliki huifanya pampu ivute hewa, na dalili yake ni povu kwenye tangi na kabari inayotetemeka. Angalia kama nati za kabari na za silinda zimekaza. Fungua koki ya mafuta, vuta choki ikiwa injini ni baridi, weka wenzo katikati, shikilia mashine kwa mkono mmoja na uvute kamba ya kuwashia kwanza polepole hadi ikaze, kisha kwa nguvu. Ikishika, rudisha choki na uiache ipate joto kwa dakika chache.

Kabla ya gogo la kwanza, jaribu wenzo bila kitu kwenye boriti. Usukume mbele, uachie katikati ya safari, uone kama kabari inasimama papo hapo. Ikiendelea kutembea hata kidogo, vali ina kasoro na kazi ya siku hiyo imekwisha kabla haijaanza. Ukiridhika, ipeleke na kuirudisha kabari mara kadhaa ili oili izunguke.

Laza gogo likiwa limegusa boriti kwa urefu wake wote, ncha moja ikiwa sawasawa dhidi ya bamba, nyuzi zikielekea njia ya kabari. Kupasua gogo kwa kukatiza nyuzi ni marufuku katika kitabu cha karibu kila mashine, kwa sababu mti haufunguki bali hujikusanya nguvu hadi upasuke kwa kishindo na kutupa vipande. Ondoa mikono, shika wenzo, peleka kabari hadi iguse mti, tua kidogo uangalie gogo limekaaje, kisha endelea. Likiinuka au kujigeuza, acha. Magogo mawili hayawekwi kwa pamoja, hata yakiwa membamba kiasi gani. Gogo nene lianzie pembeni, kwa kuchukua magamba ya nje kwanza, badala ya kulazimisha kabari ipite katikati.

Dodoma iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Hivyo usishangae injini ikilemewa na gogo ambalo maelezo ya kiwandani yanasema ingelimudu. Usiongeze kasi ya injini kwa kuchezea gavana, yaani kidhibiti cha kasi yake, wala usibadilishe mpangilio wa vali ya usalama ili kupata mgandamizo zaidi. Vali ile ndiyo inayozuia silinda na mipira isipasuke. Kabari ikisimama na injini ikazama sauti kwa zaidi ya sekunde chache, achia wenzo. Kuendelea kusukuma huchemsha oili bila kupasua kitu. Geuza gogo upande mwingine na ujaribu tena, na likikataa mara ya pili, liweke kando.

Kwa mashine inayoweza kusimamishwa wima, gogo husimama juu ya bamba lililoko chini na mwendeshaji hufanya kazi bila kunyanyua mzigo. Ni mpangilio mzuri kwa mgongo, ila hakikisha pini ya kuifungia boriti imeingia kikamilifu, na usipige magoti mbele yake, kwa kuwa aliyepiga magoti hawezi kuruka nyuma gogo linapoanguka.

Gogo lililonasa

Hapa ndipo hasira huleta ajali. Kabari imeingia nusu, mti umeing'ang'ania, na mtu huanza kulipiga gogo kwa nyundo au kulivuta kwa mikono huku injini ikiwaka. Utaratibu sahihi ni kurudisha kabari polepole. Mashine nyingi zina vyuma viwili vya kukinga gogo ambavyo huligandua kabari inapopita kati yake. Ikishindikana, zima injini, sogeza wenzo pande zote mbili kutoa mgandamizo, kisha ulitoe gogo kwa mtaimbo ukiwa umesimama ubavuni. Vipande vinavyoshikiliwa na nyuzi chache vitenganishwe kwa shoka ukiwa umeviondoa kwenye mashine. Vibanzi vinavyojaa kwenye boriti viondolewe kwa fimbo, injini ikiwa imezimwa.

Kuihamisha mashine kwa kuikokota nyuma ya gari kuna masharti yake machache: koki ya mafuta ifungwe, boriti ilazwe na kufungwa kwa pini, minyororo ya usalama iunganishwe, mwendo usizidi kilomita 70 kwa saa hata kwenye lami, na upungue sana kwenye barabara za vumbi zenye makorongo. Hakuna anayepanda juu yake.

Ikitokea ajali

Zima injini kwanza, isipokuwa mkono ukiwa bado umenaswa. Kidole kikikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya kiwango cha moyo. Kipande kilichokatika kifungwe ndani ya kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Mkono ukiwa umebanwa na bado umenaswa, irudishe kabari kwa wenzo ikiwa injini bado inafanya kazi, na usijaribu kuuchomoa kwa kuuvuta.

Aliyepenywa na oili asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi, na apelekwe palipo na daktari wa upasuaji hata kama hana maumivu. Mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa zinafikika. Aliyeko Kongwa, Mpwapwa au Manyoni aanzie hospitali ya wilaya na kuomba rufaa mapema. Anayempeleka ataje wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa mgandamizo, aina yake, na saa ilipotokea, kwa sababu alama iliyopo kwenye ngozi haitamwambia mhudumu wa mapokezi jambo lolote.

Kuzima na kutunza

Mwisho wa kazi, punguza kasi ya injini, iache ipoe kidogo, kisha izime na kutoa mgandamizo kwa wenzo. Matengenezo yoyote, hata ya kunoa kabari, yaanze kwa kuchomoa waya wa plagi. Vumbi letu huziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu kinavyotabiri, kwa hiyo likaguliwe kila siku ya kazi. La sponji huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, la karatasi hugongwagongwa taratibu na hubadilishwa likichakaa, wala halipulizwi kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani. Muda wa kubadilisha oili ya injini uliotajwa kwenye kitabu upunguzwe kwa nusu wakati wa kiangazi. Oili ya haidroliki iwe ya daraja lililotajwa na mtengenezaji, na kwa joto la huku ile ya ISO 46 ndiyo hufaa mashine nyingi.

Ikiwa mashine itakaa zaidi ya mwezi mmoja, funga koki na uiache injini ifanye kazi hadi izimike yenyewe, ili petroli isigande ndani ya kabureta. Kabla haijazimika, irudishe kabari hadi mwisho wa safari yake, ili fimbo inayong'aa ya silinda ibaki ndani; ikiachwa nje hushika kutu na mchanga, na mchanga huo ndio utakaokata sili siku mashine itakapowashwa tena.